Thundercracker wa bluu yuko soko la Kilombero Arusha, ni ripeinti (umbo lile lile, rangi nyingine) ya Starscream ninaye nyumbani, nichukue au niache?

chalii_wa_sakina

Habari za jioni wakuu, naomba ushauri wa haraka maana jamaa kaniambia ananishikia mpaka Jumamosi tu, akipita mteja mwingine anauza.

Jana nimepita Kilombero kwa wale wanaomwaga midoli ya mtumba kwenye turubai, katikati ya lundo nikaona bawa la bluu limechomoza, kuvuta hivi nakuta ni roboti la kugeuka ndege, wale Transformers wenyewe, sio yale ya plastiki laini yanayouzwa kipindi cha Krismasi, huyu ni mzito mkononi na viungo ukivikunja vinalia tik tik tik. Kichwa nikakijua hapo hapo, ni kile kile cha Starscream wangu ninaye nyumbani, mabawa yale yale, miguu ile ile, tofauti ni rangi tu, wangu ana kijivu na nyekundu na huyu ni bluu karibu mwili mzima. Nikiangalia picha mtandaoni naona anaitwa Thundercracker.

Muuzaji anataka elfu 55, nikamwomba 35 akagoma, hana boksi hana karatasi, bunduki moja ipo nyingine sijaiona.

Sasa kinachonisumbua ni kwamba kwenye mabawa na miguuni ana michirizi ya rangi ya fedha, kama mtu kachovya brashi kavu akapitisha pitisha, na muuzaji mwenyewe anasema "huyu karembwa upya ndo maana anang'aa". Ajabu ni kwamba hata Starscream wangu ana michirizi kama hiyo, niliyemnunua kwake aliniambia watoto walimchezea. Je huyu wa bluu ni bluu ya kiwandani au kuna mtu kapuliza sprei? Na hata kama ni wa kiwandani, inafaa kweli kulipa hela yote hiyo kwa mdoli ambao umbo lake tayari ninalo? Nampenda sana huyu roboti nisifiche, ila hela yenyewe naitafuta kwa jasho nataka niitoe nikiwa na uhakika.

baba_mapacha

Kaka mimi nakwambia acha. Unaye Starscream, na huyu ni Starscream kabadilishiwa shati. Viwanda vinafanya hivi kwa sababu kuchonga kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni gharama kubwa sana, kwa hiyo wakishaichonga wanamimina kila rangi humo mpaka hela yao irudi mara kadhaa. Hiyo ni biashara yao na siwalaumu, ila mimi mnunuzi silazimiki kuwasaidia. Kwa elfu 55 ukitulia mwezi mmoja utakutana na roboti ambalo umbo lake huna kabisa, ukilikunja linakufundisha kitu kipya. Msimamo wangu ni huo, umbo moja mdoli mmoja.

Mangi_wa_Kiboriloni

Chalii yangu subiri kwanza, usinunue na usiache, nenda ukamwangalie tena kwa macho tofauti. Niko Moshi ningekuwa karibu ningekusindikiza.

Kwanza kabisa bluu kwa huyo sio rangi ya kubahatisha. Kampuni ya Hasbro walipoanza kuuza Transformers Marekani mwaka 1984 hao walitoka watatu kwenye kalibu moja, wote ndege ya F-15, Starscream wa kijivu na nyekundu, Skywarp mweusi na zambarau, na Thundercracker wa bluu. Mwaka uliofuata wakabadilisha mabawa na pua kidogo wakatoa wengine watatu, Ramjet, Dirge na Thrust. Kwa hiyo Thundercracker kuwa bluu ndo anavyotakiwa kuwa, swali lililobaki ni kama bluu hiyo imetoka kiwandani au imetoka kwenye kopo la mtu.

Hilo linajulikana kwa skrubu. Mgeuze mgongo, angalia miguu kwa nyuma na mikono kwa ndani. Kiwandani plastiki inatoka kwenye kalibu ikiwa na rangi yake tayari mpaka ndani, halafu vile vipande vinavyohitaji rangi nyingine vinapakwa, ndo mwisho wanakuja kufunga skrubu, kwa hiyo kichwa cha skrubu kinabaki chuma kitupu. Ukikuta bluu imeingia kwenye ule msalaba wa skrubu pale bisibisi inapokaa, basi hapo hakuna cha kubishana, mtu kapuliza mdoli ukiwa umeshafungwa.

Alafu mkunje nusu. Wengi wanaangalia akiwa amesimama roboti kamili, wanamgeuza ndege kamili, wanaridhika. Wewe msimamishe katikati, kifua kimefunguka, miguu haijakunjika yote, mabawa yananing'inia, afu chungulia kule ndani ya goti, chini ya kifua, pale bawa linapolalia mgongo. Mtu wa sprei anapaka kinachoonekana kwenye maumbo mawili, kule katikati hafiki, au akifika rangi inabanduka kwa sababu plastiki na plastiki zinasuguana kila ukikunja. Ukiona kijivu au nyekundu inachungulia chini ya bluu iliyobanduka kule ndani ujue huyo alizaliwa Starscream. Na pale kwenye vigingi vidogo vinavyoshikilia bawa lisidondoke, rangi ya mtu huwa inavimbisha kigingi kiasi kwamba ukikisukuma kinakataa au kinaingia kwa nguvu, usikilazimishe hapo.

Sasa hiyo michirizi ya fedha, naomba usije ukaisugua! Mwaka 2019 Hasbro walitoa mfululizo unaitwa Siege, hadithi yake ni vita huko kwenye sayari yao ya Cybertron kabla hawajaja duniani, na roboti wengi wa mfululizo ule walitoka kiwandani wamepakwa michirizi ya fedha ionekane wametoka mapambanoni. Kuna waliopenda na kuna waliochukia sana, mimi naipenda. Na hata kama usingejua hiyo historia, fikiria tu plastiki ya bluu ukiikwaruza ndani inatoka bluu ile ile, ukiikunja mpaka inakaribia kukatika inatoa mstari mweupe, ila haiwezi kutoa fedha. Fedha lazima iwe imewekwa juu yake na mtu au na mashine. Kwa hiyo nenda na Starscream wako, waweke wawili hao bega kwa bega. Kama michirizi inaanzia sehemu zinazofanana kwenye mabawa ya wote wawili basi hiyo ni kazi ya kiwanda, watoto wawili wa nyumba mbili tofauti hawawezi kukwaruza midoli miwili mahali pamoja. Na aliyekuuzia Starscream hakuwa na sababu ya kujua.

Swali moja, akigeuka anakuwa F-15 ya duniani au anakuwa kidude cha pembe tatu kama piramidi iliyolala? Kama ni pembe tatu huyo ni wa Siege na nina amani naye. Kama ni F-15 anaweza kuwa wa Earthrise, mfululizo uliofuata wa 2020, na hapo michirizi nitaanza kuitilia shaka.

chalii_wa_sakina

Pembe tatu mkuu! Wangu pia ni pembe tatu, miaka yote nashangaa mbona hafanani na ndege za kweli.

dada_wa_njiro

Shikamoo Mangi, umemaliza hilo la skrubu. Mimi nataka nimjibu baba_mapacha kwa heshima zote, maana hilo la shati linasemwa sana na naona linawanyima watu vitu vizuri.

Baba, hizi Transformers za mwanzo nyingi asili yake ni ripeinti na kubadilishana majina. Takara wa Japani walikuwa na midoli yao inaitwa Diaclone tangu 1980, na miaka michache baadaye wakaingiza humo magari na ndege zinazogeuka roboti, ndani anakaa rubani mdogo, na gari moja lilikuwa linatoka kwa rangi kadhaa bila kuwa na jina la mtu wala tabia. Hasbro wakazichukua wakazipeleka Marekani, na kazi ya kuwapa wengi wao majina na wasifu ikafanywa na Bob Budiansky wa Marvel, wale wa vitabu vya katuni. Pale ndo rangi ikageuka mtu. Gari lile lile la Datsun likawa Prowl akiwa polisi mweusi na mweupe, likawa Bluestreak, mwaka 1985 likawa Smokescreen mwenye namba za mashindano ubavuni. Lamborghini nyekundu ni Sideswipe, nyeupe yenye taa juu ni Red Alert. Ukisema umbo moja mdoli mmoja basi humo ndani umewafuta wahusika wengi.

Na Thundercracker sio Starscream kabisa. Starscream ni yule wa kutaka kiti cha bosi wao Megatron kila siku. Thundercracker kwenye wasifu wake wa mwanzo anawadharau wote wasioruka, lakini moyoni hana uhakika kama upande wake wa Decepticons una haki. Mimi mhusika huyo ananigusa kuliko wote, yuko jeshini na ana mashaka na jeshi lenyewe. Nikimweka kwenye shelfu pembeni ya Starscream wawili hao wanaongea, mmoja peke yake haongei.

Kwa hiyo kabla hujalipia ripeinti jiulize kama hiyo rangi ni mhusika unayemtaka au ni rangi tu. Kuna ripeinti ambazo hata mimi siwezi kutoa elfu 10, wamechukua umbo wakamwagia rangi tatu zisizopatana ili waongeze idadi dukani. Huyu sio mmoja wao.

baba_mapacha

Nimekuelewa dada na hilo la Budiansky sikuwa nalijua, ahsante. Ila shelfu yangu ni ndogo na mapacha wanakua, nabaki na msimamo wangu. Kwa mwenye shelfu kubwa sina ubishi tena.

fundi_redio_majengo

Wadau mmeongea rangi rangi rangi, mimi naongea viungo. Mdoli wa kugeuka ni mashine, rangi itazame mwisho.

Kalibu nayo inachoka. Chuma kikitumika miaka kingo zinalika, vipande vinatoka na vitundu vipana kidogo au na ngozi nyembamba ya plastiki pembeni ya mshono, kwa hiyo ripeinti inayotoka mwishoni inaweza kuwa legelege kuliko wa kwanza. Saa nyingine inakuwa kinyume, kasoro ya wa kwanza wameirekebisha kwenye wa pili, kwa hiyo usihukumu kwa kusikia, shika. Mnyanyue kwa kiuno umtikise polepole, kama miguu inabembea kama ya mlevi nyonga zimekwisha. Msimamishe kwa mguu mmoja kwenye meza ya muuzaji. Kifundo cha mguu kikimshikilia basi vya juu navyo kwa kawaida viko vizuri.

Viungo vya mpira mdogo, vile vinavyozunguka pande zote, vikiwa legelege vinapona. Chomoa taratibu, paka rangi ya kucha isiyo na rangi safu nyembamba kwenye ule mpira, acha ikauke kabisa kabisa, rudisha. Vile vya kulia tik tik vikiisha meno havina dawa ya nyumbani, hapo shusha bei sana au ondoka.

Angalia pini pia, zile za chuma zinazopita kwenye bawaba. Kama plastiki pembeni ya pini ina mstari mweupe, pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza ni msongo tu, anaweza kuishi hivyo miaka. Ukucha ukikwama huo ni ufa, na ufa wa kwenye pini haurudi nyuma. Plastiki ya kuona ndani, kama kile kioo cha rubani, ndo ya kuogopa zaidi kwa sababu ni ngumu lakini inapasuka kirahisi kuliko ile ya kawaida.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, rangi yenyewe inaweza kuwa ugonjwa. Kuna plastiki ya dhahabu ya miaka ya 80 mwishoni na 90, ile yenye chembe chembe zinazozunguka ndani kama mafuta kwenye maji, hiyo inaoza yenyewe hata ndani ya boksi, unaigusa inakatika kama biskuti. Japani mwaka 1988 walitoa Black Zarak, ni ripeinti ya Scorponok na mabadiliko kidogo, na sehemu zake za dhahabu zinajulikana kwa kuvunjika hivyo. Umbo la Scorponok halina shida hiyo, rangi ndo imeleta shida. Kwa hiyo ukikutana na ripeinti ya zamani yenye dhahabu ya namna hiyo usiikunje kabisa mbele ya muuzaji, utalipishwa. Kwa Thundercracker wako wa 2019 hilo halipo.

Na mkishanunua jamani msisafishe kwa thinna wala petroli! Inakula plastiki na inatoa rangi ya kiwanda, mdoli unabaki unanata. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini, kausha kivulini.

Mangi_wa_Kiboriloni

Fundi umenikumbusha la kunata. Chalii, mshike masikio na zile ncha laini za kichwani, zile huwa za plastiki laini kidogo, na rangi ya sprei ya kawaida ikikaa juu ya plastiki laini inaweza isikauke milele, kidole kinakwama kwama. Ukigusa ukahisi hivyo rudisha mdoli.

Na feki nazo zipo, tafuta maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki yenyewe, mara nyingi nyuma ya mguu au chini ya nyayo, HASBRO na TOMY. Takara waliungana na Tomy mwaka 2006 ndo maana jina hilo lipo. Mwaka utakaoukuta umechongwa hapo usiutumie kujua lini bluu ilitoka, ule umechongwa na kalibu kwa hiyo unaweza kuukuta ule ule kwa Starscream wako. Feki nyingi maandishi hayo yamefutwa, panabaki pamelainika kama kovu.

Bei sasa. Saizi hiyo wanaiita Voyager, ni kama sentimita 18 hivi akisimama, na mwaka 2019 mpya ndani ya boksi Marekani alikuwa dola 30. Huyu ni mtumba, hana boksi, pengine amekosa bunduki. Akiwa mzima viungo vyote mimi natoa 40, nikimpenda sana 45, hiyo 55 hapana. Na lile neno la muuzaji kwamba karembwa upya ndo silaha yako, mwambie mdoli aliyerembwa upya thamani inashuka haipandi. Yeye mwenyewe ndo kasema.

chalii_wa_sakina

Wakuu nimerudi kutoka Kilombero. Nilipanda kifodi na Starscream kwenye mfuko wa rambo, mama mmoja kaniuliza nampelekea mtoto gani nikamwambia ni wa kwangu.

Skrubu zote chuma kitupu, nimeangalia mgongo, mapaja, mikono. Nikamkunja nusu kama Mangi alivyosema, ndani kote bluu mpaka chini ya kifua. Nikawaweka wawili kwenye turubai, bawa la kushoto la huyu lina mchirizi unaanzia pale pale kwenye pembe ya nyuma unakwenda ndani, wa Starscream hivyo hivyo, mguuni nao wamefanana. HASBRO na TOMY ipo inasomeka. Kichwa hakinati. Mguu mmoja amesimama mwenyewe mpaka wauzaji wa jirani wakaja kuangalia, mmoja akamleta mwanae.

Kasoro mbili. Bunduki ya pili hakuna kabisa, tumechambua lundo lote na muuzaji akanisaidia. Na karibu na bawaba ya bawa la kulia kuna mstari mweupe mfupi, nimepitisha ukucha ukateleza.

Nikamwambia muuzaji maneno ya Mangi, akacheka akasema basi toa 45, mimi nikashika 38, tumemalizana 40. Yuko mezani hapa na nina furaha sana! Skywarp ndo anafuata nikimpata, baba_mapacha nisamehe.

baba_mapacha

Hongera kaka, kwa 40 na hali hiyo hata mimi ningesita kuondoka.

fundi_redio_majengo

Huo mstari mweupe mwachie, ukimgeuza shika bawa karibu na bawaba, usishike nchani, nchani unaongeza nguvu kwenye pini. Bunduki usihangaike nayo, silaha za Siege zinaingia kwenye vitundu vya milimita 5 na kuna vipini vya saizi hiyo kwenye roboti wengi wa miaka ya karibuni, ukikuta bunduki yoyote ya mtumba yenye mpini wa hivyo itamkaa.

mteja_wa_memorial

Samahani naomba nidandie hapa hapa. Pale soko la Memorial Moshi nimeona Ratchet mweupe, ile ambulensi, ila mkono mmoja na mlango mmoja vimekuwa njano kama siagi, vingine vyeupe safi. Muuzaji anasema ni ripeinti adimu ndo maana bei yake juu. Ni kweli?

dada_wa_njiro

Hapana mdogo wangu, usilipie njano. Ratchet wa mwaka 1984 kweli ni kalibu moja na Ironhide, yule mwekundu, lakini hiyo njano unayoiona sio ya kiwanda. Plastiki nyeupe ikikaa kwenye mwanga wa jua miaka inageuka, na kwa kuwa vipande vya mdoli mmoja havitoki kwenye mchanganyiko mmoja wa plastiki vingine vinageuka mapema vingine vinachelewa, ndo maana una mkono wa njano na mwingine mweupe. Fungua mlango uangalie upande wa ndani ambao jua haliufikii, kama ndani ni mweupe kuliko nje umeshapata jibu, na mwonyeshe muuzaji hapo hapo. Kuna wanaopausha kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga, inasaidia ila njano inaweza kurudi, kwa hiyo bei iwe ya mdoli wenye njano. Viungo vikiwa vizima na taa zake zipo mchukue, ila usiongeze hata mia kwa ajili ya neno adimu.